Siku Tatu Kando ya Uwanja

Jumapili asubuhi, siku ya kwanza ya wiki ya skuli, kabla ya kengele, Badriya aliandika ujumbe katika kundi la simu la kina mama wa Kizanzibari wa Ibra, Oman. Aliuandika, akaufuta, akauandika tena. Ulikuwa mfupi. Mwanawe Israa anaolewa Alhamisi ya pili ya mwezi ujao, na hina itakuwa Jumatano. Jumanne yake, kwa hisani zao, anaomba mikono ya kuchambua mchele na kumenya vitunguu. Akamalizia kwa dua, akautuma, akaitia simu mfukoni mwa abaya na kwenda kuwapanga wasichana mstari.

Wakati wa mapumziko aliitoa simu akaitazama. Alama za buluu zilikuwa zimejaa, maana yake wote wamesoma. Aliyejibu alikuwa mmoja tu, naye anakaa Nizwa, kaweka ua na neno la pongezi, "mabruk". Adhuhuri kimya. Alasiri mtu mmoja katika kundi alituma picha ya mikate ya kumimina aliyoipika, na wenzake wote wakaimiminia ile mikate sifa.

Asiyewajua watu hawa atasema, kimya cha simu ni kitu gani, pengine wana kazi. Lakini Badriya alizaliwa ndani ya desturi hii, akajua alichoambiwa. Ukumbi wa harusi unakodiwa, na chakula cha usiku wa harusi kinatoka hotelini, siku hizi hakuna anayebishana na hilo. Biriani la siku ya hina ni jambo jingine. Hilo hupikwa nyumbani kwa mama wa bibi harusi, na mikono inayolipika haikodiwi popote. Huipati ila kwa kwenda nawe kwa watu: harusini kwao, uzazini kwao, msibani kwao. Ukikaa mkekani kwao, watakuja kukaa mkekani kwako. Wazee walilisema zamani, asiyekuwapo na lake halipo.

Na Badriya, kwa miaka mingi, hakuwapo.

Si kwa kiburi, wala hakuwa mtu wa kujitenga. Alikuwa mwalimu wa mazoezi katika skuli ya sekondari ya wasichana, na timu ya mpira wa magongo ya skuli hiyo ilikuwa mkononi mwake tangu siku ilipoanzwa. Watu wakisikia mwalimu wa mpira hudhani ni kazi ya miezi miwili, mashindano yakija akapige filimbi, yakiisha arudi nyumbani akalale. Laiti wangeujua mwaka wake. Skuli zikifunguliwa, anachagua wasichana wapya na kuwafundisha hata namna ya kulishika gongo. Baridi ikiingia, mechi: wiki hii Sur, wiki ile Nizwa, na basi huondoka watu bado wamo kwenye uradi wa alfajiri. Baridi ikitoka, fainali. Baada ya fainali, mitihani, naye hukaa nao wakidurusu, kwa sababu msichana akianguka hesabu, kitu cha kwanza baba yake anachokiondoa ni lile gongo. Kisha kaidhi, ule msimu wa joto linaloivisha tende, walimu wenzake wanapokwenda Salala kwenye manyunyu au Unguja kwa jamaa zao. Yeye hufungua ukumbi wa ndani wa skuli, akawasha feni zote, akawakimbiza wasichana humo, maana timu ikilala kaidhi nzima haiamki. Na Ijumaa, siku ya watu kutembeleana, utamkuta barazani kwake kakunja miguu, anazungushia magongo utepe mpya.

Lakini kuwasahau watu, hapana. Penye shughuli asiyoweza kwenda, alipeleka sinia: sambusa, au halua, au pilau la mkahawani. Chini ya kila sinia aliandika herufi ya jina lake kwa rangi ya kucha, kama afanyavyo kila mwanamke asiyetaka chombo chake kipotelee kwenye jiko la watu. Kosa lake lilikuwa hapo, na alilikosea miaka mingi bila kulijua. Alidhani sinia inaweza kwenda kwa niaba ya miguu. Wala hakujiuliza kwa nini, kwa watu ambao sinia ya jirani hairudi tupu, sinia zake yeye zilikuwa hazirudi kabisa.

Jioni ile mumewe Nadhir, aliyefanya kazi idara ya maji, alimkuta sebuleni kaishika simu kama mtu aliyeshika samaki na hajui kama kaoza.

"Hawajajibu?"

"Hawajajibu."

"Si tuagize mkahawani? Biriani ni biriani."

"Baba, usinitie nuksi!" Israa alisema kutoka jikoni.

Akatoka na bilauri za chai ya tangawizi, akaketi baina yao. Alikuwa muuguzi, msichana wa maneno machache, lakini machache hayo alikuwa akiyanoa kwanza.

"Mama, mie nimezaliwa katikati ya ligi, na akika yangu imesomwa baada ya fainali. Nimewahi kulalamika?"

"Akika yako ilicheleweshwa na mvua."

"Mvua ya Nizwa, Mama. Wewe na timu yako mmekwama ng'ambo ya wadi, bonde zima limejaa maji, na mbuzi wangu yuko hapa anakula majani kwa raha zake."

Nadhir alicheka mpaka chai ikamwagika. Badriya naye akacheka, japo si sana.

"Sitaki ukumbi mkubwa," Israa akaendelea, "wala nguo ya Dubai. Nataka kitu kimoja tu. Siku ile nikiwa nimekaa chumbani, hina mikononi, siwezi hata kujikuna pua, niwasikie wanawake jikoni kwetu wanacheka. Kama nilivyowasikia kwa wenzangu wote. Basi."

Akachukua bilauri tupu akarudi jikoni. Badriya alibaki na simu yake mkononi. Angeombwa dhahabu angejua pa kuitafuta.

Ufunguo wa jambo lile ulikuwa kwa mtu mmoja, Bi Kuruthum. Huyu alikuwa mama mtu mzima, mzaliwa wa Unguja mjini, mkubwa wa shughuli zote za watu wao hapo Ibra. Akisema twende, watu wanavaa mabuibui, na akinyamaza, wanayavua. Mwaka uliopita alifiwa na dada yake, Bi Mahfoudha, na matanga yakakaa siku tatu nyumbani kwake. Badriya hakuonekana hata siku moja kati ya hizo tatu. Alikuja siku ya nne, mikeka ishakunjwa, ameshika sinia ya halua.

Kwa hiyo Jumatatu alasiri Badriya alifanya jambo ambalo hajapata kulifanya. Aliwaacha wasichana uwanjani na Alyaa, mwalimu kijana aliyehamia hapo karibuni kutoka Sur, akapanda gari yake akaenda kwa Bi Kuruthum.

"Shikamoo, Bi Kuruthum."

"Marahaba." Bi Kuruthum alimtazama juu mpaka chini, kisha akachungulia nyuma yake. "Iko wapi sinia? Au leo imekutuma wewe?"

Badriya alikaa kwenye ncha ya kochi. Bi Kuruthum akamwita mkwewe, Ghaniya, akamwambia afungue kabati la chini. Ghaniya akafungua, uso kautazamisha upande wa pili. Sinia zilikuwa zimepangwa humo moja juu ya nyingine, safi, zinang'aa, na ile ya juu ilikuwa imefudikizwa, herufi nyekundu ya rangi ya kucha inatazama watu.

"Haya, wenyewe hao," alisema Bi Kuruthum. "Huyu alikuja alipozaa Ghaniya. Huyu alikuja harusini kwa mjukuu wangu. Na huyu wa juu alikuja kunizikia dada yangu. Nimewahifadhi vizuri. Sijui nikiwarudisha niwatilie nini ndani, maana mtu humlipa aliyekuja, na mie sijui nani alikuja."

"Nilikuwa Sur na wasichana, Bi Kuruthum. Nusu fainali. Habari ilinifika basi lishaingia Sur, na tulikaa siku tatu."

"Sur si Bara Hindi."

"Si mbali, najua. Lakini wale ningewaacha na nani?"

Akamweleza, kwa sauti ndogo, akichezea pindo la mtandio. Wasichana kadhaa wa timu walitoka vijiji vya njia ya Dima wa Tayyin, huko milimani. Baba zao hawakuujua mpira wa magongo wala hawakutaka kuujua. Walimjua yeye. Kila baada ya mazoezi alipanda basi nao, dereva mbele, yeye nyuma na wasichana, na hashuki kurudi mjini mpaka wa mwisho kaingia kwao na mlango umefungwa. Siku moja alipata homa, akenda mwalimu mwingine. Asubuhi yake baba wawili walipiga simu skuli. Abla Badriya, yaani mwalimu, yuko wapi? Hayuko? Basi na binti zetu hawako.

"Kwa hiyo nisipokuwapo, hawachezi," alimalizia. "Na msichana akitoka mara moja, harudi."

Bi Kuruthum aliitazama ile sinia ya juu.

"Alaa," alisema mwisho. "Kumbe hao nao wanataka mtu. Hawataki sinia."

Badriya aliinamisha kichwa. Maneno yale yalikuwa kweli tupu.

"Mahfoudha ndiye aliyekushonea nguo yako ya harusi," Bi Kuruthum akasema, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha. "Siku tatu nilikuwa nautazama mlango. Nikisema, huyu atakuja, huyu wa Mahfoudha, lazima atakuja."

"Nisamehe, mama."

"Sitaki nisamehe. Nakudai siku tatu. Matanga ya dada yangu. Ukae na mie mkekani alasiri, kesho, kesho kutwa na mtondo, nikusimulie Mahfoudha, unisikilize, kama walivyokaa wenzio. Si kunyanyuka, si kuchezea simu. Ukinyanyuka mara moja, siku zinaanza upya."

Alasiri ndiyo saa ya mazoezi, na wiki ya pili yake Nizwa walikuwa wanakuja kucheza. Badriya alifungua mdomo kusema haiwezekani. Akamkumbuka Israa na pua yake asiyoweza kuikuna. Kilichomtoka hakuwa amekipanga.

"Bi Kuruthum, naweza kuutandika mkeka uwanjani?"

Ghaniya aliyekuwa anafunga kabati alisita.

"Matanga uwanjani?" Bi Kuruthum alisema. "Umelisikia wapi hilo?"

"Sijalisikia popote. Lakini kumezungushwa ukuta, na alasiri mwanamume haingii, hata bawabu anakaa nje. Kivuli cha jengo kinafunika upande mzima, na upepo upo."

Bi Kuruthum alitafuna maneno hayo. Tangu magoti yamkatae, hakuwa akitoka ila harusini na msibani, na kote huko anaketishwa ndani ya chumba.

"Choo kipo?"

"Kipo."

"Karibu?"

"Pale pale."

"Haya. Nitakuja niuone huo mpira uliomshinda dada yangu. Lakini neno langu ni lile lile. Ukinyanyuka, tunaanza upya, hata kama uwanja unaungua moto."

Usiku ule Badriya alimpigia mudira, mkuu wa skuli, kuomba ruhusa. Mudira aliuliza mara mbili kama amesikia sawa, kisha akasema mkeka si tabu, na viti vya walimu vipo.

Jumanne alasiri Bi Kuruthum alishuka garini kwa fimbo yake, Ghaniya nyuma na chupa ya kahawa, na ungo wa mchele, kwa sababu Bi Kuruthum hajui kukaa mikono mitupu. Mkeka ulitandikwa kando ya ukuta, kivulini. Badriya akakaa, akamkabidhi Alyaa filimbi. Filimbi ile ilikuwa na alama ya meno yake, na Alyaa aliipokea kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu.

"Abla, unaumwa?" aliuliza Balqis, nahodha wa timu, msichana mrefu mwenye sauti ya muadhini.

"Siumwi. Nimekaa matanga na Bibi huyu. Dada yake alifariki, na mimi sikuja."

Balqis alimtazama bibi mwenye ungo. Akaenda kwa wenzake wakanong'ona. Kisha wakaja wote, mstari mmoja, magongo kwapani, viatu vimejaa mchanga. Mmoja mmoja akainama, akampa Bi Kuruthum mkono na kusema kwa Kiarabu, Mungu akuzidishie ujira, Mungu amrehemu. Wale wa milimani, walivyolelewa, wakambusu na kichwa. Hakuna aliyewaambia. Walisikia msiba wakafanya ifanywavyo.

Bi Kuruthum aliwapokea mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Ungo ulikuwa umemteleza magotini, asiuone.

"Nani kawafunza?" aliuliza walipoondoka.

"Mama zao," alisema Badriya.

"Hm," Bi Kuruthum akasema, akajifuta jicho kwa ncha ya mtandio, akaanza kusimulia.

Alimsimulia Mahfoudha alivyotoka Unguja na kichwa cha cherehani ndani ya sanduku la nguo, akakiingiza Oman kama anayeingiza almasi. Alivyokataa wachumba wawili kwa sababu mmoja alikoroma kwenye ndege na wa pili alimsifu kuku kabla ya kumsifu mpishi. Badriya alisikiliza. Sikio moja lilikuwa kwa Mahfoudha, na Mungu amsamehe, jingine lilikuwa uwanjani, ambako Alyaa aliwapanga mabeki mahali pa washambuliaji. Mapaja yalimwasha. Alijikalia mikono yake mwenyewe.

"Unatikisika," Bi Kuruthum alisema bila kugeuka.

"Sijanyanyuka."

"Sijasema umenyanyuka. Nimesema unatikisika."

Jambo gumu lilikuja mwisho wa mazoezi. Basi lilikuwa tayari, na matanga hayaishi mpaka magharibi. Badriya alimtazama Alyaa, Alyaa akamtazama Badriya.

"Wakiniuliza uko wapi, abla?"

"Waambie ukweli. Yuko msibani."

Basi likaondoka. Badriya alikaa pale, anahesabu mizunguko ya milima kichwani, hapa wamefika kwenye mteremko, hapa mbele ya msikiti mdogo. Simu hakuigusa, maana ndiyo masharti. Adhana ilipoadhiniwa na Bi Kuruthum akamruhusu, aliinyakua. Alyaa alikuwa kaandika: *Wote wameingia. Baba zao waliniuliza. Nikasema uko msibani. Wanakupa taazia, na yule baba wa mwisho kanipa kibuyu cha samli nikuletee.*

Badriya aliusoma ujumbe ule zaidi ya mara moja. Miaka yote ile alidhani wale wazee wa milimani hawawezi kuelewa kutokuwapo kwake kwa namna yoyote. Kumbe lipo jambo ambalo hakuna mtu wa nchi ile atakayekuzuia kulihudhuria, nalo ni msiba, lile lile alilokuwa akilikosa siku zote.

Siku ya pili wanawake wengine wawili walikuja, ati wamemletea Bi Kuruthum dawa yake. Walikaa mpaka mwisho. Mmoja akauliza kwa nini yule mwenye kijani hapigi. Mwingine, aliyewahi kusema mpira ni wazimu, akasimama akapiga kelele, "Mpe mwenzio! Mpe, mchoyo wee!" kisha akakaa akajifunika uso. Siku ile Alyaa aliwarudisha mabeki mahali pao bila kuambiwa.

Siku ya tatu, mazoezi yakiwa yamepamba moto, Balqis alipigwa gongo la mguu akaanguka. Akalia kwa ile sauti yake. Badriya alikuwa ameshaweka kiganja chini na goti moja limeacha mkeka kabla hajajua anafanya nini.

"Badriya," alisema Bi Kuruthum, taratibu.

Goti likakaa hewani. Wanawake wote waliacha kuchambua. Kule uwanjani Alyaa alikuwa keshafika, kapiga magoti, kavua kiatu, anaukunja mguu wa Balqis pole pole na kumuuliza hapa je, na hapa je. Akaita barafu. Mmoja akakimbilia barafu. Alyaa akasema neno, na Balqis, machozi bado yanamtiririka, akacheka.

Badriya alirudisha goti mkekani. Lilirudi zito.

"Yule binti anaiweza," alisema Bi Kuruthum.

"Anaiweza," Badriya akasema, na palepale akahisi kitu kimemlegea mabegani, kitu alichokibeba muda mrefu hata akadhani ni mwili wake.

Magharibi ilipokaribia, Bi Kuruthum alisoma Fatiha, wote wakaitikia amin. Kisha akampa Ghaniya mkono, akanyanyuka kwa fimbo, akakung'uta makapi ya mchele kwenye kanga.

"Khalas. Sasa umemzika dada yangu. Mchele wa Israa unachambuliwa wapi?"

"Nyumbani, Bi Kuruthum, kama mtakuja."

"Nyumbani kwako hamna hewa. Tuulete hapa hapa."

Hakuandika ujumbe, kwani maandishi ya simu alikuwa hayapendi. Alilishika simu la Ghaniya mbele ya mdomo kama anayetaka kulila, akalitumia kundi zima sauti yake: "Jumanne ya harusi ya Israa, alasiri, skuli ya wasichana. Kila mtu na ungo wake. Asiyekuja asinijue."

Safari hii majibu yaliingia mpaka simu ikawa moto.

Jumanne ile ukuta mzima wa uwanja ulikuwa wanawake. Vitunguu upande wa upepo, mchele upande wa kivuli, chai katikati. Wasichana walicheza, na mpira ukaruka ukatua ndani ya ungo wa Bi Kuruthum, mchele ukatawanyika kama mvua. Bi Kuruthum akauweka mpira chini ya kanga, akasema hautoki humo mpaka aliyeupiga aje amenye thomu. Balqis, mguu umefungwa, alimenya thomu mpaka magharibi, na aliimenya vibaya mno.

Jumatano asubuhi, Israa akiwa chumbani na hina mbichi mpaka viwikoni, kengele ya mlango ililia. Badriya akafungua. Bi Kuruthum alisimama mbele, wengine nyuma yake mpaka kwenye magari, na kila mmoja kabeba sinia. Zilikuwa zake. Alizijua kwa ukingo, na kwa tundu dogo la ile iliyowahi kuanguka. Moja ilijaa vitumbua, moja kachori, moja tende zilizotiwa lozi, na ile ya mwisho, iliyokwenda msibani na halua, ilirudi na halua.

"Chukua vyombo vyako," alisema Bi Kuruthum. "Vimetujazia makabati."

Jiko likajaa. Nadhir alifukuzwa nyumbani kwake mwenyewe na kuambiwa asirudi bila barafu. Wanawake walikosana juu ya chumvi, wakapatana, wakakosana tena juu ya zafarani. Mtu akasema jambo kuhusu usiku wa harusi yake mwenyewe, na kicheko kikapasuka hata vifuniko vya masufuria vikalia.

"Mama!" Israa aliita kutoka chumbani.

Badriya alikimbia. "Nini? Umeharibu hina?"

"Hapana." Israa alikuwa amekaa wima, mikono mbele, macho yanang'aa. "Nasikia tu. Nilitaka ujue nasikia. Na nikune pua."

Badriya akamkuna pua.

Aliporudi jikoni alasiri ilikuwa imeingia. Uwanjani mazoezi yameanza, na Alyaa ana filimbi. Walishakubaliana, mara mbili kwa wiki basi litakuwa la Alyaa, na kaidhi ijayo wataigawana. Baba wa milimani walipigiwa simu na Badriya mwenyewe. Mmoja alisema atafikiri. Wengine walisema yule binti wa Sur wanamjua, si ndiye aliyekuja wakati wa msiba. Mechi ya Nizwa ilikuwa imekwisha wiki iliyopita kwa sare, na Nizwa walirudi kwao wakilalamikia kelele za kina mama wa mkekani.

Simu ilikuwa juu ya friji. Badriya aliitupia jicho, akajikaza, akaitupia tena.

"Badriya," alisema Bi Kuruthum kutoka kwenye kiti chake karibu na jiko, bila kugeuka. "Unatikisika."

"Sijaenda popote, Bi Kuruthum."

"Najua. Hebu nisogezee hilo sufuria, halafu ukae. Sijakumalizia lile la mchumba aliyekoroma."

Badriya akasogeza sufuria, akavuta kigoda, akakaa.